Mvua Inayojulikana Kiasi: Jinsi Kupatwa kwa Jua Kulivyohakiki Dishi Langu

Naandika kutoka Falls Church, Virginia, karibu nusu saa kwa treni kutoka katikati ya jiji la Washington. Mhariri wetu amenibana muda mrefu niandike kuhusu masomo yangu, tena kwa lugha ambayo hata wale wa sheria na uhasibu wataielewa. Haya, nimekubali. Nitawaeleza jinsi kupatwa kwa jua kunavyotumika kuhakiki darubini za redio, na jinsi kulivyoniumbua mimi na dishi langu tarehe 8 Aprili 2024.

Tuanze na mizani

Kila aliyekulia kijijini anaijua hadithi ya mizani. Mkulima anafika na gunia lake la kahawa au pamba, mnunuzi anaweka kwenye mizani, sindano inasimama kwenye kilo fulani, mkulima analipwa. Swali ni moja tu: nani kaipima hiyo mizani? Ndiyo maana Tanzania ina Wakala wa Vipimo, wanaozunguka na mawe yao ya mizani. Jiwe la kilo 20 likiwekwa na mizani ikasoma 17, mwenye mizani hana pa kujificha.

Angalieni siri ya lile jiwe. Thamani yake ni kwamba uzito wake ulijulikana kabla halijawekwa. Kuhakiki kipimo chochote ni hivyo hivyo: unakipa kitu ambacho jibu lake unalo tayari mfukoni, halafu unaona kitasema nini.

Shida ya darubini ya redio ni kwamba jiwe lake halipatikani dukani. Darubini ya redio ni antena tu, mara nyingi dishi, inayopokea mawimbi ya redio kutoka angani badala ya mwanga. Jua linatoa mawimbi hayo, Mwezi unatoa, hata ardhi yenye joto inatoa. Dishi linayakusanya, kifaa cha kupokelea kinayakuza, na mwisho unapata namba. Hiyo namba ina maana gani? Mpaka uhakiki, haina maana yoyote.

Kwa nini mimi na dishi

Mimi ni mtu wa uhandisi wa mawasiliano, sisomei nyota. Nilipokuwa field mwaka wa tatu wa chuo kule nyumbani, nilipelekwa kwenye hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini ambayo siitaji jina. Walikuwa na intaneti ya satelaiti, dishi zuri juu ya paa. Lakini masika yakianza, kila alasiri wingu likifunga, mawasiliano yanakatika. Picha ya mgonjwa iliyotakiwa kwenda kwa daktari bingwa mjini inabaki kwenye kompyuta mpaka mvua ipite. Kila mtu alilaumu mtandao. Kumbe aliyepanga nguvu za ile laini alikuwa ametumia makadirio madogo kuliko mvua yenyewe.

Matone ya mvua hunyonya na kutawanya mawimbi ya satelaiti, hasa yale ya masafa ya gigahezi 10 kwenda juu. Mhandisi lazima ajue mvua ya mahali inapunguza nguvu mara ngapi, ili aache akiba ya kutosha. Njia moja ya zamani na ya bei poa ya kupima hilo ni kulielekeza dishi kwenye jua na kulifuata kutwa. Jua ni kama mtambo wa redio unaowaka bure. Mvua ikinyesha kati yako na jua, namba inashuka, na huko kushuka ndiko unakokitafuta.

Basi nikaanza. Jirani yangu alikuwa anatupa dishi lake la televisheni la sentimita 90, nikaliokota. Nikanunua kichwa chake kipya, kile ambacho mafundi wa Kariakoo wanakiita LNB, kinachopokea karibu na gigahezi 12. Nikaongeza amplifaya ndogo, kamota ka kulizungusha, na kompyuta ya zamani. Mwenye nyumba akaniruhusu kulisimika nyuma ya maegesho ya magari. Toka Novemba 2023 hadi Machi 2024 nilikusanya vipimo vya kila mvua iliyonyesha mchana. Miezi mitano! Sura nzima ya tasnifu yangu ilikuwa humo.

Msimamizi wangu alikuwa na swali moja tu, na kila tukikutana analirudia: “Umehakikije?”

Mwezi kama jiwe la mizani

Hapo ndipo kupatwa kwa jua kunapoingia. Jua linapopatwa, Mwezi unapita mbele yake na kulifunika kidogo kidogo. Wanahesabu za anga wanajua miaka mingi kabla, kwa kila mji na kila dakika, ni sehemu gani ya jua itakuwa imefunikwa. U.S. Naval Observatory, iliyopo hapa hapa Washington, imetoa hesabu za namna hiyo kwa vizazi. Kwa maneno mengine, kupatwa kwa jua ni mvua ambayo kiasi chake kimeandikwa kabla haijanyesha. Robo ya jua ikifunikwa, namba yako ishuke karibu robo. Nusu ikifunikwa, ishuke karibu nusu. Isiposhuka hivyo, mizani yako ina walakini.

Nasema “karibu” kwa sababu tatu, na kila anayetaka kujaribu azikumbuke. Kwanza, jua la redio ni kubwa kuliko jua la macho, kwa sababu mawimbi ya redio hutoka kwenye tabaka za juu za jua. Kwa gigahezi 12 tofauti ni ndogo, lakini kwa mawimbi marefu ni kubwa sana. Pili, Mwezi wenyewe unatoa mawimbi kidogo. Kwa masafa yangu jua lina joto la redio la nyuzi elfu kumi na kitu za Kelvini, Mwezi mia mbili na kitu, kwa hiyo unaongeza kama asilimia 2. Tatu, uso wa jua hauko sawasawa: penye madoa huwa na nguvu zaidi, na Mwezi ukilifunika doa namba inaweza kushuka ghafla.

Wakongwe waliotutangulia

Hii mbinu sikuibuni mimi. Radioastronomia ilipokuwa changa, baada tu ya Vita vya Pili vya Dunia, antena zilikuwa na “macho” mabovu. Ziliona jua zima kama doa moja, zisiweze kusema mawimbi yanatoka upande gani. Ukingo wa Mwezi, unaopita juu ya jua polepole kama kisu, ndio uliowasaidia. Tarehe 23 Novemba 1946, Arthur Covington alitazama kupatwa kwa sehemu karibu na Ottawa, Kanada, kwa wimbi la sentimita 10.7. Mwezi ulipofunika doa kubwa la jua, nguvu ilishuka sana kuliko eneo lililofunikwa. Akajua madoa yanatoa redio nyingi. Vipimo vya wimbi lile lile alivyoanza Covington vinaendelea Kanada hadi leo, na dunia nzima inavitegemea.

Tarehe 20 Mei 1947 Warusi walisafiri kwa meli hadi Brazili wakiwa na antena ya wimbi la mita moja na nusu. Jua lilipofunikwa lote, machoni giza, redio yao bado ilipokea kama asilimia 40 ya nguvu za kawaida! Huo ukawa ushahidi kwamba kwa mawimbi marefu, sehemu kubwa ya redio ya jua hutoka kwenye korona, lile tabaka la nje ambalo Mwezi haulifuniki lote.

Sasa sikilizeni hii inayotuhusu. Tarehe 1 Novemba 1948 jua lilipatwa lote kuanzia Kongo, kupitia Uganda na Kenya, hadi Bahari ya Hindi. Nairobi kuliingia giza asubuhi, na katika giza hilo watu wakaona kimondo chenye mkia ambacho kinakumbukwa hadi leo kama kimondo cha kupatwa cha 1948. Kivuli kile kile kiliendelea kuvuka bahari, na Australia wakapata kupatwa kwa sehemu. Huko W. N. Christiansen na wenzake Yabsley na Mills walikuwa wameweka antena mahali patatu mbalimbali, ili ukingo wa Mwezi ulikate jua kwa pembe tatu tofauti. Kwa kulinganisha rekodi hizo walichora mahali penye redio nyingi juu ya uso wa jua. Sisi tulipata kupatwa kamili, vipimo vya redio vikafanyika kwa waliopata nusu. Sisemi kwa kulaumu, wakati ule tulikuwa chini ya wakoloni. Lakini inafaa kukumbukwa.

Na hapa Washington? Ng'ambo ya mto Potomac ipo Naval Research Laboratory, maabara ya jeshi la majini. Watu wake, wakiongozwa na John Hagen, walikwenda kisiwa cha Attu, Alaska, kupima kupatwa kwa tarehe 12 Septemba 1950. Kisha wakafunga safari hadi Khartoum, Sudan, kwa kupatwa kwa tarehe 25 Februari 1952. Upande wetu wa Virginia, pale Sterling, si mbali na ulipo uwanja wa ndege wa Dulles, ndipo lilipohamishiwa dishi la Grote Reber mwishoni mwa miaka ya 1940. Alilijenga mwenyewe nyuma ya nyumba kule Illinois mwaka 1937. Siku hizi lipo Green Bank, West Virginia. Kwa hiyo mtu wa hapa akikucheka kwa kusimamisha dishi nyuma ya maegesho, mwambie umefuata nyayo.

Siku yenyewe

Tarehe 8 Aprili 2024 ilikuwa Jumatatu. Njia ya giza kamili ilipita Texas, Ohio na New York. Sisi huku tulipewa karibu asilimia 87, kuanzia saa 8 na dakika 4 mchana, kilele yapata saa 9 na dakika 20, mwisho saa 10 na nusu hivi. Wenzangu wengi walikwenda Ohio. Mimi nilibaki na dishi langu.

Nilijiwekea utaratibu. Kila baada ya dakika kumi naligeuza dishi kando ya jua, kwenye anga tupu, nasoma namba, kisha nalirudisha. Sababu ni kwamba vifaa hivi hubadilika na joto. Jua likifunikwa hewa inapoa, LNB inapoa, na ukuzaji wake unapanda kidogo. Usipopima anga tupu, utadhani ni jua.

Watu wa fleti wakaanza kukusanyika na miwani yao ya karatasi. Mama mmoja wa Kikenya, muuguzi, ametoka shifti ya usiku hajalala, akaniuliza, “Kijana, hiyo dish yako inashika stesheni gani?”

“Inashika jua, mama.”

“Na ina mpira?”

Tukacheka. Lakini hakuondoka. Akavuta kiti, akawa ananisomea saa huku mimi naandika namba. Kwa kweli alinisaidia sana.

Namba zenyewe ni hizi. Anga tupu kabla ya kuanza: 100. Jua zima: 520. Yaani mchango wa jua peke yake ulikuwa 420. Kwenye kilele, asilimia 13 tu ya jua ilikuwa wazi. Ukiongeza asilimia 2 za Mwezi na kidogo kwa ajili ya ukubwa wa jua la redio, nilitegemea ibaki kama asilimia 16, yaani 67 hivi juu ya anga tupu. Saa 9 na dakika 20 nikasoma 193. Anga tupu wakati huo ilisoma 103. Ukitoa, unabaki na 90.

Asilimia 21 badala ya 16. Nikarudia kusoma. Ile ile.

Yule mama akaniangalia. “Ni mbaya?”

“Sijui bado, mama,” nikamjibu, ingawa moyoni nilishaanza kujua.

Kosa lilikuwa wapi

Usiku ule sikulala. Kupoa kwa hewa hakuwezi kuwa sababu, maana nilishakutoa kwa kipimo cha anga tupu. Madoa ya jua je? Nililiangalia mchoro wangu dakika kwa dakika. Mstari ulishuka laini na kupanda laini, hauna ngazi za ghafla. Lakini ulikuwa na tabia moja: jua lilipokuwa zima au karibu zima, mstari ulikuwa mvivu, haushuki inavyopaswa. Lilipobaki jembamba, mstari ukafuata hesabu vizuri.

Kwa fundi hiyo ni dalili ya wazi. Kifaa kilikuwa kinazidiwa. Ni kama spika ndogo ya redio ukiifungulia sauti mpaka mwisho: inakwaruza, na kuongeza zaidi hakuongezi sauti. Amplifaya yangu ya bei nafuu, niliyoiongeza mwenyewe nikidhani nafanya maarifa, ilikuwa inabanwa na nguvu za jua. Nikapiga hesabu: kama 90 ndiyo asilimia 16, jua zima lilipaswa kusoma kama 560 juu ya anga. Yangu ilisoma 420. Robo nzima ya jua ilikuwa inapotelea kwenye kifaa.

Kesho yake nikaweka kipunguza nguvu kabla ya ile amplifaya, kifaa kidogo tu cha kupachika kwenye waya wa dishi. Nikapima upya. Awali jua zima lilikuwa mara 5.2 ya anga tupu. Sasa likawa mara 6.6. Ukifanya hesabu, 660 kwa 100, ni ile ile 560 niliyoipata kwa Mwezi. Sijui kama nifurahi au nilie, lakini Mwezi ulikuwa umesema kweli.

Maana yake kwa ile mvua ya miezi mitano ni hii. Mvua inayopunguza jua mara nne, kutoka 560 hadi 140, kwangu iliandikwa kama imepunguza mara tatu tu, kwa sababu kilele kilikuwa kimekatwa. Kila mvua niliiandika nyepesi kuliko ilivyokuwa. Mhandisi akitumia jedwali langu kupanga laini ya zahanati, ataacha akiba ndogo. Masika yakija, laini inakatika. Yaani nilivuka bahari kuja kusoma, nikakaribia kurudi na kosa lile lile lililonileta.

Kilichookolewa

Nilimpelekea msimamizi wangu kila kitu, na lile kosa likiwa ukurasa wa kwanza. Akakaa kimya, halafu akasema, “Sasa una mzani.” Na ni kweli. Kupatwa kwa jua kulinipa mstari mzima, dakika kwa dakika, kuanzia jua zima hadi asilimia 13. Kwa kila namba ambayo kifaa kilisoma, najua ilipaswa kuwa ngapi. Nikatengeneza jedwali la kusahihisha, nikapitia mvua za nyuma moja moja. Siku ambazo anga tupu ilikuwa karibu na 100, kama ilivyokuwa Aprili, nilizisahihisha. Siku za baridi kali, ambapo vifaa vilikuwa na tabia nyingine, nilizitupa. Sura imepungua, lakini iliyobaki naweza kuisimamia mbele ya mtu yeyote.

Wala si vifaa vya kuokota tu vinavyofaidika na Mwezi. Tarehe 14 Oktoba 2023 jua lilipopatwa kwa pete magharibi ya Marekani, wanasayansi wa New Jersey Institute of Technology walitumia antena zaidi ya 300 za Owens Valley, California, wakapata picha za redio za korona ikichungulia pande zote za Mwezi. Mitambo mikubwa na midogo, jiwe la mizani ni moja.

Mwisho, nyumbani

Tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa, wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, jua lilipogeuka pete karibu saa sita mchana. Umati ulikuwa mkubwa, tulishangilia, tukapiga picha, tukapanda basi. Kwenye mapaa ya maduka pale kulikuwa na madishi kibao yakitazama satelaiti zao. Mimi mwenyewe sikuwaza hata dakika moja kugeuza moja litazame juu ya vichwa vyetu.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote kuanzia Hispania na Afrika Kaskazini, kupitia Misri, Saudi Arabia na Yemen, hadi kaskazini mwa Somalia. Tarehe 21 Mei 2031 pete itapita tena kwetu: Angola, kusini mwa Kongo, Zambia, Tanzania. Dishi la zamani, LNB, mita ya fundi na daftari vinatosha kwa darasa la sekondari. Tahadhari ni mbili: msitazame jua bila miwani maalumu, na dishi linalong'aa lipakwe rangi isiyong'aa, la sivyo jua litayeyusha kichwa chake.

Mwenye shule au chuo nyumbani kinachotaka kujaribu, anitafute kwenye mkutano wa chama. Nitampa jedwali langu, pamoja na lile kosa. Na yule mama wa Kikenya anawasalimu. Anasema 2031 atakuwa amestaafu, atakuja kunisomea saa.